Saa Moja na Robo Chini ya Ukuta wa York

Bibi,

Ulifariki Jumatatu, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, siku ya kumi na tisa tangu turudi kutoka Uingereza. Siku hiyo nilipoteza mtu mmoja tu, lakini ndiye aliyekuwa akiniita Mwende. Hapa Riyadh, kwa mwanao, mimi ni shaghala, mtumishi wa ndani. Madam, mkewe, ananiita hivyo, watoto wananiita hivyo, hata yule anayeleta maji ya kunywa amejifunza. Leo ni siku ya thelathini na nne sijaitwa jina langu na mtu ninayemwona kwa macho.

Najua kumwandikia marehemu ni kazi bure. Ungeniambia mwenyewe, "Kalamu hiyo si ungeandikia orodha ya soko." Lakini kuna jambo sikukuambia nilipokuwa na nafasi, na nafasi nilikuwa nayo kwa siku ishirini na moja, kwa hiyo sitasema sikupata muda. Tena nina swali, na swali lenyewe lina siku yake ya mwisho. Nisikilize mpaka nimalize, usinikatize kama kawaida yako.

Nianze na habari za nyumbani. Nyumba yako ya Ruwais, kule Jeddah, imefungwa. Adnan alinileta huku kwake Al-Naseem siku ya tatu, wageni wa matanga wakiwa bado wanakunywa kahawa sebuleni kwako. Alisimama mlangoni akasema, "Yalla, Riyadh," nikafunga begi. Si mtu mbaya, mwanao. Macho yalikuwa mekundu kuliko ya dada zake wote. Ila hakufikiri kwamba na mimi nilikuwa na matanga. Hapa nafagia vyumba tisa, na mchana jua linawaka hata paka hawatoki chini ya magari. Hakuna harufu ya bahari. Yule mama wa Ghulail anayetuuzia muhogo amenitumia sauti kwenye simu: bibi yako yuko wapi, muhogo umekuja mzuri wiki hii. Sijamjibu.

Nyumba ya Ruwais inarudishwa kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Jumatano Adnan na madam wanakwenda Jeddah kufunga vitu vyako, na mimi nakwenda nao, maana mfungaji ni mimi. Alhamisi ndiyo nina shida nayo. Nitaifikia.

Hukuwahi kuniuliza nilivyofika kwako, kwa hiyo nakueleza sasa. Mwingi nilikuwa na kibanda changu cha nafaka sokoni, nilichokianza na gorogoro mbili za ndengu na turubai la kuazima. Hakuna aliyenishika mkono. Mvua ikakosa misimu miwili, na wakati ule Saudi ilikuwa ikiita kila mtu. Katika kikundi chetu cha akina mama kumi na wawili, saba walikuwa wameshaondoka au wako Nairobi wakingoja visa. Nikawa wa nane. Ajenti aliponiambia nitamtunza mzee wa Jeddah anayesema Kiswahili, nilijua ni uongo wa maajenti. Nikafika Ruwais, ukanifungulia mlango mwenyewe na mkongojo wako, ukanitazama toka kichwani mpaka miguuni, ukasema, "Wewe ndiwe wa bara? Karibu. Vua viatu, usin'letee vumbi la Ukambani."

Ulizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, ukaolewa Jeddah ukiwa na miaka kumi na saba, ukazaa watano, na katika watano hao hakuna anayejua Kiswahili zaidi ya "njoo" na "kula". Miaka hamsini na mitano. Wiki ya kwanza uliongea mpaka sauti ikakauka. Kiswahili changu ulikidharau, ukasema kina mawe ndani kama mchele wa bei rahisi, lakini ulikila.

Ile safari aliiamua Adnan. Siku kumi, basi kubwa la watalii, London mpaka Edinburgh na kurudi, hoteli tisa. Alisema basi lina nafasi ya kiti chako cha magurudumu na hatagombana na madam juu ya ramani. Mimi niliandikishwa kwa sababu ya kiti. Ningekusukuma, ningekupa dawa zako sita za asubuhi na nne za jioni, na ningekaa nyuma. Hiyo ya kukaa nyuma haikufika mbali. Basi lilikuwa na sheria yake: kila asubuhi kila mtu anasogea safu mbili mbele, na wa mbele wanazunguka kurudi nyuma, ili kila abiria apate siku yake kwenye kile kioo kikubwa. Siku ya tatu zamu yetu ikafika. Madam akasema mimi niende nyuma na mabegi, watoto wakae mbele. Ukamwambia Adnan kwa Kiarabu, mbele ya basi zima, "Huyu ni masikio yangu. Umeona wapi masikio yakakaa na mabegi?" Adnan akatazama viatu vyake. Nikakaa mbele.

Na kweli nilikuwa masikio yako. Mwongozaji wetu, yule Colin mwembamba wa mwavuli wa kijani, alikuwa akisema kwenye kipaza sauti kwa Kiingereza, na mimi nakugeuzia kwa Kiswahili kwenye sikio la kulia, lile lililokuwa zima. Adnan alisema ingekuwa rahisi yeye akugeuzie kwa Kiarabu. Ukamwambia akae na mkewe.

Nikiri kitu kidogo kabla ya kile kikubwa. Colin alikuwa na haraka, na Kiingereza changu ni cha shule na cha soko. Mfalme yeyote ambaye jina lake lilinipita nilimwita Henri. Ukauliza, "Hawa watu walikosa majina?" Nikasema ndivyo walivyo, Bibi. Kule kwenye yale mawe makubwa yaliyosimama uwandani, Colin alisema hakuna anayejua kwa nini yalisimamishwa. Hilo nililigeuza sawasawa. Ukasema, "Ametutoa kitandani alfajiri, watu arobaini na watatu, atuonyeshe asilolijua?" Nilicheka mpaka yule mama wa Kimalesia akageuka. Kwenye mji wa Bath nikakwambia hamamu zile zilijengwa na Warumi. "Warumi hawa ni wale wa Biblia yenu?" Hao hao, Bibi. "Basi walikuwa wasafi. Sikujua." Na kwenye vile vijiji vya mawe ya rangi ya asali, ulipoona nyumba za matajiri zimeezekwa kwa nyasi, uliudhika kabisa. "Babangu alipong'oa makuti akatia mabati tulipigiwa vigelegele mtaa mzima. Hawa wana magari mawili mlangoni na bado wako kwenye makuti."

Kwenye hesabu lakini sikukosea. Colin alikuwa akihesabu vichwa kila tunapopanda, akigusa viti. Siku ya pili akapata arobaini na wawili, akaanza tena. Nikamwambia yule mzee wa Kihindi bado yuko chooni. Kuanzia hapo alinitazama mimi kwanza kabla ya kumwambia dereva aondoke, nikiitikia kwa kichwa tunakwenda. Najisifu, ndiyo. Uone vile mtu anavyoweza kuhesabu vichwa vya wote akasahau kilicho mbele yake.

Sasa York.

Kabla hatujatoka Jeddah uliniita chumbani, ukafunga mlango, ukaniambia una mdogo wako Uingereza. Zena. Miaka thelathini na mmoja hamjasemezana. Mama yenu alipofariki Mombasa wewe ulikuwa huku, ukapiga simu ukasema nisubirini, nakuja. Ulifika siku ya pili yake ukakuta kaburi. Zena ndiye aliyekuwa nyumbani, ndiye aliyekuwa amemuuguza, kwa hiyo kwako Zena ndiye aliyekuzikia mama yako bila wewe. "Hakun'subiri," ulisema, kwa sauti ileile ambayo nadhani uliisema siku ya kwanza. Kisha akaolewa, akaenda zake Leeds. Ukanionyesha karatasi ya ratiba, ukaweka kidole kwenye York. "Toka huko mpaka hapa ni kiasi gani?" Nikatafuta. Nusu saa kwa treni. Ukasema, "Basi mtafute. Na Adnan asijue. Mdogo wangu asipokuja, sitaki mkwe wangu anione naaibika."

Nilimtafuta. Binamu yako wa Mombasa alinipa namba. Zena alipokea, nikajitambulisha, akauliza, "Rukiya yu hai?" Nikakwambia ongea naye, ukakataa. "Sitaki sauti. Sauti hudanganya. Nataka nimwone anavyosimama mbele yangu." Nakulaumu hapo, Bibi, na nitaendelea kukulaumu. Ungeongea naye dakika mbili tu. Watu wawili wenye Kiswahili safi kuliko changu mliniweka mimi katikati.

Usiku tulipolala Edinburgh nilimpigia kwa mtandao wa hoteli, maana ile laini yangu ya Saudi nje ya hoteli ilikuwa kipande cha plastiki. Nikamsomea ratiba kama ilivyochapwa: maegesho ya mabasi, kufika saa tano na nusu, kuondoka saa saba kasoro robo. Saa moja na robo. Akasema, "Napajua. Kando ya mto." Akasema atavaa koti la kijani ili umwone kwa mbali.

Asubuhi yake ulijifukiza udi kwa kile chetezo cha umeme mpaka mhudumu akaja kunusa mlango. Ulivaa buibui jipya. Ndani ya basi uliniuliza mara nne tumebakisha kiasi gani. Tulipoingia mjini ukaona ule ukuta, ukataka kujua umejengwa na nani na kwa nini. Nami, ili nikutulize, nikaanza kukupa hadithi: walikuwa wakiogopa watu wa kaskazini, wanashuka kuiba ng'ombe. "Kama nyinyi Wakamba na Wamasai." Kama sisi, Bibi. Nikaendelea kuongeza chumvi. Na wakati huohuo Colin alikuwa anasema kwenye kipaza sauti jambo ambalo nililipata kesho yake tu, nilipomuuliza kwa makusudi: kwamba kwa kuwa tuna abiria wawili wa viti vya magurudumu, na kule mtoni kuna mteremko mbaya, dereva hatakwenda kwenye maegesho. Atatushusha juu, karibu na ukuta, na atatuchukua hapo hapo.

Yaani kwa sababu ya kiti chako. Walikuwa wanakufanyia wema.

Basi likasimama, watu arobaini na watatu wakashuka, nikasema tumefika. Kwetu pale basi linapomwaga watu ndipo stendi. Hakuna mtu Mwingi anayeuliza stendi iko wapi na basi limeshasimama. Sikuona mto. Sikujiuliza mto uko wapi. Zena alisema kando ya mto, na mimi nilisikia, na sikujiuliza.

Adnan na madam wakaenda na watoto kuona lile kanisa kubwa. Wewe ukasema magoti hayataki, utapumzika na Mwende. Nikakuweka karibu na benchi, nikafunga breki za kiti. Ukaniuliza, "Nimekaa sawa?" Nikasema uko sawa. Ukasema, "Akitokea nishike mkono nisimame. Asin'kute nimekaa kama mzigo."

Ulisimama mara tano. Ya kwanza ilikuwa mama wa koti jeusi. Ya pili na ya tatu hata hawakuwa na umri wake, nilikwambia, ukasimama tu. Ya nne alikuwa na kijani, lakini ilikuwa mtandio, akapita. Ya tano sikuona umesimamia nani. Kila mara nilikushika, ukasimama wima, ukakaza shingo, kisha ukakaa polepole. Dakika kumi na mbili za mwisho hukusimama. Ulishika mkongojo kwa mikono miwili ukatazama mawe ya ukuta. Dereva akarudi na basi, Colin akaja, akaanza kugusa viti, akanitazama, nikaitikia kwa kichwa. Tukaondoka.

Njiani ukasema kwenye dirisha, wala si kwangu, "Hakun'subiri kwa Mama. Na leo hakun'subiri." Halafu ukageuka. "Halas. Ile namba ifute. Jina lake usinitajie tena. Apa." Nikaapa. Ukasema apa kwa Biblia yako, nikaapa kwa Biblia yangu.

Jioni tulikuwa hoteli ya Cambridge. Wewe ulikuwa unaswali, nikatoka kwenye korido, simu ikashika mtandao, na Zena akapiga. Akasema, "Mbona hamkuja?"

Nikakaa chini kwenye zulia.

Alifika saa nne na nusu. Akaondoka saa tisa. Alinihesabia: mabasi kumi na tisa yaliingia yale maegesho, na alikwenda kwenye mlango wa kila moja, yote kumi na tisa, akauliza kama kuna mama wa Jeddah. Ana miaka sitini na mitatu na magoti mabovu kama yako. "Nilitaka kwenda chooni nikaogopa," akasema. "Nilijua nikiondoka tu ndipo atafika, aseme tena sikumsubiri."

Akaniambia, "Mwambie nilikuja." Nikasema nitamwambia.

Sikukuambia. Wewe mwenyewe ulishanifunga mdomo kwa kiapo, na nilikitumia kiapo hicho kama mwavuli, lakini si kiapo kilichonizuia. Adnan alikuwa ameniahidi kwamba tukirudi bila matatizo atanisainia niende likizo nyumbani. Nikapiga hesabu: nikikuambia utalia, ukilia atauliza, akiuliza utasema, na madam atajua kwamba niliwafichia mambo ndani ya basi. Basi likizo hakuna, na huenda kazi pia hakuna. Hiyo ndiyo hesabu. Na chini ya hesabu kulikuwa na kitu kibaya zaidi: niliona aibu. Siku nane ulikuwa unasikia kwa masikio yangu. Ulimkatalia mwanao kwa ajili ya masikio hayo. Ningekuambia vipi kwamba siku moja tu iliyokuwa na maana, yalikuwa yanasikiliza uongo wake yenyewe?

Kesho yake Zena akaniuliza kwa ujumbe, umemwambia? Nikaandika, nimemwambia. Akauliza, akasemaje? Nikaandika, amechoka na safari, atakupigia mwenyewe. Kwa hiyo nimewadanganya wote wawili, mmoja kwa kunyamaza, mmoja kwa maandishi. Nilijiambia tukifika Jeddah nitasema. Tukafika. Miguu ikaanza kuvimba, daktari akasema moyo umejaa maji, nikasema akipata nafuu nitasema.

Sasa nakuja kwenye swali.

Jumamosi, siku mbili kabla hujafariki, ulikuwa hospitali, Adnan ametoka kwenda kuswali alasiri. Ulikuwa umefumba macho. Ukaniita.

"Mwende."

"Naam, Bibi."

"Kule kwenye ukuta. Tulipokuwa tumekaa. Kulikuwa na mabasi mangapi?"

Uliniuliza kwa hesabu, kwa sababu ulijua kwenye hesabu sisemi uongo. Nikakujibu.

"Hapakuwa na mabasi, Bibi. Letu tu."

"Letu peke yake."

"Letu peke yake."

Nilihesabu pumzi zako, zilikuwa tisa. Kisha ukasema, "Ahaa." Haikuwa ile yako ya dharau, ile unayosema mtu akikuletea samaki wa jana. Ilikuwa ndefu na ilikwenda chini. Halafu ukaniambia nikukande mguu wa kushoto, nikakukanda, Adnan akarudi, na hatukuzungumza tena mambo ya mabasi.

Nimeirudia hiyo "ahaa" kichwani kila siku tangu hapo. Nikiwa nafagia, nikiwa napanga viatu vya watoto. Kuna siku nina hakika ulifahamu: mtu hawezi kuuliza idadi ya mabasi isipokuwa amekaa kitandani akafikiri mpaka akafika mahali ambapo mabasi yanapaswa kuwa mengi. Kuna siku nasema ni mgonjwa tu, dawa zilikuwa zinamtembeza, aliuliza mabasi kama angeuliza njiwa. Na kuna siku najiambia ulifahamu yote, hata kosa langu, ukaninyamazia. Siku hizo ndizo nzito zaidi.

Ulipofariki nilimpigia Zena mimi. Nilisimama kwenye ngazi za hospitali, nikamwambia. Akauliza wanazika saa ngapi. Nikasema usiku huu, baada ya isha. Nilijua anapiga hesabu ya ndege, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshaipiga, haikuwezekana. Akasema, "Wasimsubirishe. Maiti hangojeshwi. Hata kwa Mama wazee waliamua hivyohivyo, nami nikalia nao mpaka wakaniondoa chumbani." Bibi, jambo hilo ulilijua? Kwamba alilia usubiriwe? Au na hilo nalo nalijua mimi tu, mtu wa Mwingi, asiyehusika?

Sasa Zena anakuja. Umra, yeye na binti yake. Anashuka Jeddah Alhamisi asubuhi, na kabla ya kwenda Makka atapita Ruwais aone ulipokuwa ukikaa. Adnan amekubali, amejua ana shangazi, au tuseme mama mdogo, hajui amwite nani. Zena atafika saa kumi alasiri, nikiwa katikati ya makaratasi na nguo zako. Na ameniandikia kwamba hataki kitu chochote cha kwako, hata kitambaa. Anataka jambo moja. Nimkalie mbele, uso kwa uso, nimwambie: nilipokuambia kwamba alikuja, ulisema nini? Neno kwa neno. Ameandika hivyo, neno kwa neno, kwa sababu anajua kazi yangu kwako ilikuwa kugeuza maneno.

Ninaweza kumtungia. Nilikutungia wafalme siku kumi nzima. Ningemwambia ulilia, ulimsamehe, ulimwita mdogo wangu. Angeondoka kwenda Makka ametulia, na hakuna mtu duniani angejua, maana waliokuwepo ni mimi na wewe. Nimeshaandika maneno yenyewe kwenye karatasi. Ni mazuri. Yamekaa kama wewe kabisa, hata dharau kidogo nimeyatia. Nimeyasoma mara mbili, nikaichana karatasi.

Nina neno moja tu ambalo ni lako kweli, nalo ni "ahaa". Kama ulijua, neno hilo linatosha, nitampa kama lilivyo, na nitampa zile pumzi tisa pia. Kama hukujua, basi sina cha kumpa isipokuwa mimi mwenyewe na kosa langu, na atafanya nalo atakavyo. Atamwambia Adnan, au hatamwambia. Likizo imeshasainiwa, karatasi iko kwenye droo ya madam; ikichanwa, ichanwe.

Hii ndiyo ahadi yangu kwako, na sikuapishwa na mtu: nitamwambia kuhusu ukuta, kiti, na mara tano ulizosimama. Nitamwonyesha kwa mkono jinsi ulivyokaza shingo. Hayo hayahitaji ruhusa yako. Lakini lile moja siwezi kulisema bila wewe, kwa sababu sitaki kukugeuza vibaya mara ya pili.

Lala salama, Bi Rukiya. Mungu wako na wangu wakuangalie, ukiona wanakupa shida wasemeshe Kiswahili. Nimekulaumu humu ndani na maneno hayo siyafuti, ila ujue muhogo sijaula tangu ulipoondoka, na sina wa kuniambia Kiswahili changu kina mawe.

Wewe ulisema mama yako alikuwa akikujia ndotoni ukimwuliza jambo kwa adabu. Mimi si mtu wa ndoto. Lakini kwa hili nitalala mapema Jumanne na Jumatano, nikungoje. Njoo vyovyote. Sitaki hadithi wala fumbo, na usiniambie nikukande mguu. Uliposema "ahaa", ulijua kwamba Zena alikuja? Ndiyo au la. Nipe jibu kabla ya Alhamisi, saa kumi alasiri.

Mwende